Alteneta haichaji? Anza na mita

Taa nyekundu ya betri ikiwaka safarini, usikimbilie kununua alteneta, kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Injini ikiwa imezimwa, pima betri kwa mita ya volti: ikiwa imejaa, mita huonyesha karibu volti 12.6. Washa gari, sasa ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, chaji haifiki. Kagua mkanda unaozungusha alteneta, vichwa vya betri, fyuzi kubwa. Corolla ya mjomba ilinimalizia asubuhi nzima, kumbe nati ya waya mnene nyuma ya alteneta ilikuwa imelegea tu! Hayo yakiwa sawa, fungua alteneta uangalie kaboni, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani yake, mara nyingi zimekwisha. Nakusihi, usichomoe betri injini ikinguruma eti unajaribu chaji: umeme hupanda ghafla, kompyuta ya gari ikaungua.