Roboti ya Tani 80 Inaruka Vipi? Mwongozo wa Fizikia ya Mruko kwa Watengenezaji wa Gemu

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika kazi hii ni la mtengenezaji anayeona roboti yake kubwa ikielea hewani kama puto, akadhani haina uzito wa kutosha, kisha akaongeza mvutano (graviti, nguvu inayovuta vitu chini) mara tatu au nne ili ishuke haraka. Roboti huacha kuelea, lakini papo hapo hugeuka kichezeo cha plastiki kinachorukaruka mezani. Jicho la mtazamaji haliwezi kupima uzito. Hupima muda, na kitu kikubwa huchukua muda mrefu kuanguka kimo kinacholingana na mwili wake. Hatua zifuatazo zinahusu kuulinda muda huo, na nitatumia roboti moja tu ili hesabu zifuatane.

Hatua ya 1: Weka vipimo, usiguse mvutano

Amua kwamba kizio kimoja katika injini yako ya gemu, yaani programu unayotengenezea gemu kama Unity, Godot au Unreal, ni mita moja (Unreal hutumia sentimita, hivyo zidisha kwa 100), na uache mvutano kwenye 9.81. Roboti yetu ina kimo cha mita 18, yaani mara 10 ya mtu wa mita 1.8. Ikiwa mtu huyo ana kilo 80, roboti yenye umbo na msongamano kama wake itakuwa na tani 80, kwa kuwa ujazo umekua mara 1,000. Eneo la mkato wa mguu, hata hivyo, limekua mara 100 tu, na kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya goti inabeba mzigo mara 10 ya ule wa mtu, jambo ambalo Galileo alilichapisha mwaka 1638 alipokuwa akieleza mifupa ya wanyama wakubwa. Roboti ya mita 18 iliyooneshwa Yokohama, Japani, kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024 ilikuwa na tani 25 tu, na bado ilishikiliwa kiunoni na mtambo uliosimama nyuma yake.

Hatua ya 2: Kokotoa mruko

Mtu mwenye nguvu za wastani huweza kuinua mwili wake kiasi cha nusu mita. Roboti yetu, kwa uwiano uleule, itapanda mita 5.

kasi ya kuondoka = √(2 × 9.81 × 5) = mita 9.9 kwa sekunde
muda wa kupanda = 9.9 ÷ 9.81 = sekunde 1.01

Kupanda na kushuka huchukua sekunde 2.02, ilhali mtu hukaa hewani sekunde 0.64 pekee. Uwiano wa nyakati hizo ni 3.16, ambao ni kipeuo cha pili cha 10. Wapiga picha za filamu waliotumia majengo ya mfano waliitegemea kanuni hiyohiyo: mfano uliopunguzwa mara 10 ulipigwa kwa takriban fremu (picha moja moja) 76 kwa sekunde badala ya 24, ili kuporomoka kwake kuonekane kama kwa kitu kikubwa.

Hatua ya 3: Mpe muda wa kuchuchumaa

Hapa ndipo mruko unapofaulu au kuharibika, kwa sababu gemu nyingi huipa roboti kasi yote katika fremu moja, kana kwamba imepigwa teke na ardhi. Miguu inapaswa kusukuma kwa umbali fulani. Tukiuchukua umbali huo kuwa mita 4, mchapuko unaohitajika ni 9.9² ÷ (2 × 4), yaani mita 12.3 kwa sekunde ya mraba, na msukumo wenyewe unachukua sekunde 0.81. Wakati huo nyayo zinaikandamiza ardhi kwa kani inayolingana na uzito wa tani 180, hivyo ni sawa kabisa kuonesha lami ikipasuka na udongo ukididimia kabla roboti haijaondoka, wala si baada ya kuondoka. Mwishoni mwa msukumo, injini za miguu zinatoa zaidi ya megawati 17. Ukitaka mruko wa juu zaidi ya huu, nashauri umfungie roketi mgongoni na uzioneshe zikiwaka, kuliko kumwomba mchezaji aamini magoti ya aina hiyo.

Tatizo ni mchezaji mwenyewe, ambaye hatavumilia kubonyeza kitufe na kusubiri karibu sekunde nzima. Mimi huanza kuinamisha magoti katika fremu ileile ya kubonyeza, pamoja na mlio wa haidroliki, na huufanya mruko utegemee muda ambao kitufe kimeshikiliwa. Kinachomkera mchezaji ni ukimya. Akiona mwili umeshatii, atasubiri.

Hatua ya 4: Tua kwa springi na shokomzoba

Roboti inarudi chini kwa kasi ileile ya mita 9.9 kwa sekunde. Ikitua kwa magoti yaliyonyooka na kusimama ndani ya nusu mita, mwili unapata mchapuko wa mara 10 ya mvutano, na rubani aliye ndani hatakuwa na hamu ya kuruka tena. Weka springi kati ya kiuno na nyayo, yenye ugumu utakaoifanya izame mita 1 roboti inaposimama tu:

ugumu = 80,000 × 9.81 ÷ 1 = niutoni 784,800 kwa mita
shokomzoba = 2 × 0.6 × √(ugumu × tungamo) ≈ 300,000

Kwa namba hizi kiuno kinashuka takriban mita 2 ndani ya nusu sekunde, kisha kinapanda taratibu hadi mahali pake. Namba 0.6 ni kiwango cha kuzuia mtikiso; ukiibadili kuwa 1, roboti itatulia bila kuyumba hata kidogo, jambo ambalo kwangu linafanana na mfuko wa saruji uliodondoshwa; chini ya 0.3 itanesanesa kama gari lililochoka.

Hatua ya 5: Tumia hatua ya muda isiyobadilika

Ukihesabu fizikia kwa fremu za skrini, simu dhaifu inayotoa fremu 20 kwa sekunde itakosea kimo cha mruko kwa takriban sentimita 25, na ile ya fremu 60 kwa sentimita 8, kwa hiyo ukingo unaofikika kwenye simu moja utakataa kwenye nyingine. Godot na Unity zote zina mzunguko maalumu wa fizikia, unaokokotoa kwa vipindi vya muda vilivyo sawa bila kujali fremu za skrini. Weka hesabu zako humo.

Hatua ya 6: Sauti, kamera na jaribio

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na kamera iliyo umbali wa mita 100 inapaswa kuusikia mshindo sekunde 0.29 baada ya nyayo kugusa chini. Iweke kamera kwenye kimo cha macho ya mtu, karibu na basi au mnazi. Kisha rekodi mruko mzima na uicheze video kwa kasi ya mara 3.16. Ukiona mtu wa kawaida akiruka, namba zako ziko sawa. Ukiona kiroboto, kuna mahali mvutano uliguswa.