Kabla hujasema mfanyakazi wa Zanzibar ni rahisi: namna ya kulinganisha elimu na gharama za kazi baina ya nchi

Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya hoteli za upande wa mashariki wa Unguja. Kila akija mwekezaji mpya, swali linaloletwa mezani kwangu ni moja: mfanyakazi wa hapa ana elimu gani, na anagharimu kiasi gani ukimlinganisha na wa Mombasa, wa Kampala au wa Ulaya? Mara nyingi jibu huwa limeshaandikwa kabla sijaulizwa: elimu ndogo, mshahara mdogo, basi. Jibu hilo linawaumiza vijana wetu, na linamuumiza hata mwekezaji mwenyewe, kwa sababu hesabu yake haijakamilika. Ninaandika haya kwa mwanafunzi anayefanya utafiti, kwa mhasibu mwenzangu, na kwa yeyote atakayepewa jadweli la nchi tano aambiwe achague.

Anza na hili. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Kwetu, mwenye shamba anayechumisha karafuu hamuulizi mchumaji ana cheti gani. Humlipa kwa pishi, kile kipimo chetu cha ujazo. Bei ya pishi inakwambia fedha kiasi gani imetoka na karafuu kiasi gani zimeingia, na hicho ndicho wachumi wanachokiita gharama ya kazi kwa kila kipimo cha uzalishaji. Kila hatua iliyo hapa chini inakupeleka kwenye pishi. Ukiishia njiani, ukasimama kwenye mshahara au kwenye cheti, hujalinganisha kitu bado.

Tuanze na elimu, maana ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Usilinganishe majina ya madarasa. Mkenya aliyesoma kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu), ulioanza 1985, akimaliza kidato cha nne amekaa skuli miaka 12. Mtanzania wa miaka 7 ya msingi akimaliza kidato cha nne ana miaka 11. Wote wawili watakwambia "nimemaliza kidato cha nne", na wote wawili wanasema kweli. Lakini UNESCO ina mpangilio wake wa ngazi za elimu, ISCED, uliofanyiwa marekebisho 2011 na wenye ngazi 0 hadi 8. Humo kidato cha nne cha Kenya huhesabiwa ngazi ya 3, sekondari ya juu, na chetu huhesabiwa ngazi ya 2. Ngazi ya 3 kwetu ni kidato cha sita. Kwa hiyo jadweli likisema "wafanyakazi waliomaliza sekondari ya juu, asilimia", Kenya imewaingiza watu wa kidato cha nne na sisi tumewaacha nje. Tofauti utakayoiona si ya vichwa vya watu peke yake, ni ya mahali mstari ulipochorwa. Uganda wana miaka 7 ya msingi, kisha 4 na 2 ya sekondari, kama mfumo huo wa Bara, kwa hiyo wao ni rahisi kuwaweka kando yetu.

Zanzibar kuna jambo la ziada. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, elimu ya juu ni ya Muungano. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka msingi wa miaka 6 wakati Bara ilikuwa 7. Ukiwa na orodha ya wafanyakazi wa rika mbalimbali, usitosheke na "msingi" au "sekondari". Uliza mwaka aliozaliwa na darasa la mwisho alilokaa, kisha mpe ngazi yake wewe mwenyewe.

Na mafunzo ya ufundi yasikupotee. Ujerumani ukiitazama kwa asilimia ya wenye shahada tu, inaonekana iko nyuma ya Kanada. Lakini Mjerumani aliyesomea ufundi huku akifanya kazi kiwandani kwa miaka mitatu amewekwa ngazi ya 3, na vyuo vingi vya miaka miwili vya Kanada vimewekwa ngazi ya 5, ambayo huhesabiwa elimu ya juu. Hakuna mwenye kiwanda atakayekwambia fundi wa Ujerumani hajasoma. Vivyo hivyo kwetu: kijana aliyetoka kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji au Mkokotoni akijua umeme au upishi, kwenye jadweli la "elimu ya juu" hana nafasi kabisa. Tengeneza safu yake peke yake. Mimi huwa nafanya hivyo hata nikiambiwa haihitajiki.

Miaka ya skuli pia si sawa na maarifa. Benki ya Dunia, katika kipimo chake cha rasilimali watu cha 2020, ilikadiria kuwa mtoto wa Tanzania atasoma miaka 7.2 hadi afikishe umri wa miaka 18, lakini ukipima anachojifunza, miaka hiyo ni sawa na 4.5. Kwa Kenya ni 11.6, sawa na 8.5. Takwimu hizi zinauma, na ni halali zikuume. Ila soma zinahusu nani: ni mtoto aliyezaliwa wakati wa kipimo hicho, si mfanyakazi wa miaka thelathini uliye naye jikoni. Tena "Tanzania" hapo ni pamoja na Bara, yenye watu wengi mno kutushinda. Sensa ya 2022 ilitukuta Wazanzibari 1,889,773 tu katika taifa la zaidi ya milioni 61. Wastani wa taifa hausemi chochote kuhusu Micheweni ya Pemba. Ukitaka namba za Zanzibar peke yake, nenda kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali wa Zanzibar. Na kwenye mitihani ya SACMEQ, ya nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, ya kusoma na hesabu kwa darasa la sita, Zanzibar na Bara zimepimwa mbalimbali, jambo ambalo ni nadra kulipata.

Sasa gharama. Mshahara ni sehemu yake tu. Wanatakwimu wa kazi walikubaliana tangu 1966, chini ya Shirika la Kazi Duniani, kuwa gharama ya kazi ni kila anachotoa mwajiri: mshahara, siku za likizo zinazolipwa, michango ya hifadhi ya jamii, chakula, makaazi, usafiri, mafunzo, sare. Bakshishi ya mgeni haimo, kwa sababu haitoki mfukoni mwa mwajiri, japo kwa mfanyakazi ni pesa ya maana.

Michango ndiyo inayosahauliwa. Zanzibar mwajiri huchangia ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, mbali na anachokatwa mfanyakazi. Uganda mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara kwa mfuko wao, mfanyakazi 5. Kenya mwajiri hulipia pia asilimia 1.5 ya makaazi nafuu, mbali na mfuko wa uzeeni. Kwa hiyo ukichukua mishahara mitupu ya nchi hizi ukaipanga, mpangilio unaweza kupinduka ukishaongeza michango. Angalia pia usije ukachukua kima cha chini cha Bara ukakitumia Unguja. Kazi na ajira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005.

Tufanye hesabu ya mhudumu wa vyumba. Namba ni za mfano. Mshahara 400,000. ZSSF ya mwajiri 52,000. Gari la wafanyakazi kutoka Mwanakwerekwe, tuseme 60,000. Chakula cha zamu 78,000. Sare na viatu, ukigawa kwa mwezi, 10,000. Jumla 600,000. Aliyeandika "laki nne" amekosea kwa nusu ya mshahara mzima. Kisha gawa kwa zamu alizofanya kweli, si siku za kalenda. Toa likizo, sikukuu za Idi, Mapinduzi, ugonjwa. Tuseme zamu 24, kila moja ni 25,000.

Hapo ndipo unapobadilisha fedha, na chagua kiwango kwa sababu, si kwa mazoea. Kama swali ni la mwajiri, tumia kiwango cha soko, kwa wastani wa mwaka. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, na kabla mwaka kwisha ikashuka karibu na 2,400. Laki sita ile ile ilikuwa dola 222, ikawa 250, na mhudumu hakuongezewa hata senti. Aliyechukua kiwango cha siku moja anaweza kutangaza kuwa kazi ya Zanzibar imepanda bei. Lakini kama swali ni maisha ya mfanyakazi, mshahara wake unamnunulia nini, dola ya soko haifai. Tumia uwiano wa uwezo wa kununua unaotolewa na Benki ya Dunia. Ukichanganya viwili hivi katika jadweli moja, lifute uanze upya.

Ulaya ina kipimo kizuri cha kuiga: gharama ya saa moja ya kazi, michango ikiwemo. Mwaka 2024 wastani wa Umoja wa Ulaya ulikuwa yuro 33.5, Bulgaria 10.6, Luxembourg 55.2. Pengo ni mara tano ndani ya soko moja, na bado viwanda havijahamia Bulgaria vyote. Sababu ni pishi: kinachozalishwa kwa saa hiyo.

Rudi kwa mhudumu wetu. Kwa zamu ya 25,000 anasafisha vyumba 8: chumba kimoja ni 3,125. Tuseme hoteli ya Diani, Kenya, inatumia 36,000 kwa zamu, lakini mtu wake anasafisha 12: chumba ni 3,000. Aliye ghali kwa mshahara ndiye nafuu kwa chumba. Usikimbilie kusema Mkenya ni hodari zaidi. Nenda katazame. Mashuka yanatosha, au mhudumu anasubiri dobi? Ana kigari, au anabeba ndoo kwa mkono kwenye mchanga? Chumba cha Diani ni kitanda kimoja, na cha kwetu ni nyumba ndogo yenye bwawa lake? Kama vyumba havifanani, linganisha kwa mita za mraba au kwa dakika, ama acha kulinganisha. Nimeona vijana wakiitwa wavivu kwa sababu ya mashine ya kufulia iliyoharibika, na jambo hilo siliridhii hata kidogo.

Tahadhari moja fupi: takwimu za mishahara huwahesabu walioajiriwa. Mama wa mwani wa Paje, mvuvi, mchumaji wa karafuu, hawamo. Chini ya jadweli andika mwaka, nani amehesabiwa, na kiwango cha fedha ulichotumia.

Ukimaliza, badilisha namba moja uone. Tuseme mafunzo na kigari vinagharimu 300,000 kwa mhudumu, na anatoka vyumba 8 hadi 10 bila kuongeza saa. Chumba kinashuka hadi 2,500. Umeokoa 625 kwa chumba, vyumba 240 kwa mwezi, yaani 150,000. Fedha ya mafunzo imerudi kwa miezi miwili. Mpelekee meneja karatasi hiyo kabla ya kumpelekea ile ya mishahara ya nchi tano, na umuulize: kuanzia mwezi wa tatu, fedha ya mafunzo ikisharudi, katika ile 150,000 ya kila mwezi mhudumu atapata ngapi?