Kumwanzishia Mtoto Chakula, Kula Naye Nje na Kumwachisha Ziwa

Mzazi anayeanza kumlisha mtoto wake wa kwanza husumbuliwa zaidi na swali la kiasi: amekula vijiko vingapi, amebakisha nini, na je, usiku hataamka na njaa? Ni swali la kawaida, lakini katika miezi ya mwanzo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote. Kazi ya mzazi ni kuchagua chakula, kukiandaa kwa ulaini unaofaa, na kupanga saa na mahali pa kula, ilhali kiasi kitakachoingia tumboni huamuliwa na mtoto mwenyewe. Mzazi anayeushika mgawanyo huo hulisha kwa utulivu nyumbani, na akienda mkahawani hahitaji kujifunza mambo mapya mengi.

Wakati wa kuanza

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aanze chakula cha nyongeza anapotimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Sababu ni kwamba kufikia umri huo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inapungua, na maziwa peke yake hayatoshi tena kumpa nguvu na madini anayohitaji. Mbali na umri, mtazame mtoto mwenyewe. Anapaswa kukaa akiwa ameegemezwa na shingo yake ikiwa imara, aweze kukitazama kitu, kukishika na kukipeleka mdomoni, na aweze kumeza badala ya kukisukuma nje kwa ulimi kila kinachoingia. Kuamka mara nyingi usiku au kutafuna vidole si dalili za kuwa tayari, ingawa majirani na ndugu watakuhakikishia kwamba ndizo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati apangiwe siku ya kuanza pamoja na mhudumu wa afya anayemfuatilia.

Kijiko cha kwanza

Chagua saa ambayo mtoto ameamka vizuri, hana usingizi wala hajashikwa na njaa kali, kwa kuwa mtoto mwenye njaa kali hutaka maziwa anayoyajua na hana subira ya kujifunza jambo jipya. Mkalishe wima, mgongo ukiwa umeegemea na miguu ikiwa na mahali pa kukanyaga. Jaza nusu tu ya kijiko kidogo, kilete karibu na mdomo, kisha usubiri. Kijiko kikigusa mdomo wa chini, mtoto atakitazama, pengine atakunja uso kana kwamba amelamba ndimu, kisha ataufungua mdomo. Sehemu ya chakula itaingia na sehemu nyingine itarudi kidevuni. Huko kurudi si kukataa, bali ni ulimi uliozoea kunyonya unaojifunza kazi nyingine. Usikwangue kidevu na kumrudishia papo hapo, bali mpe nafasi ya kumeza alichonacho kwanza.

Kwa kuanzia, vijiko vikubwa 2 au 3 kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku, vinatosha. Kadiri miezi inavyosonga kiasi huongezeka hadi kufikia nusu ya kikombe cha mililita 250, na kuanzia miezi 9 milo huwa 3 au 4, pamoja na kitafunwa kidogo katikati akihitaji. Hivi ni vipimo vya kuandalia chakula, si vya kumlazimisha mtoto amalize. Akigeuza kichwa, akifumba mdomo, akisukuma kijiko au akianza kuchezea chakula pasipo kula, mlo umekwisha, hata kama bakuli bado limejaa nusu. Kumfuatafuata na kijiko nyumba nzima, au kumwashia katuni ili ameze bila kujua, humfundisha kupuuza shibe yake mwenyewe.

Uzito wa chakula una maana kuliko wengi wanavyodhani. Tumbo la mtoto mwenye kilo 8 huchukua takribani mililita 240 tu, hivyo uji mwepesi au supu hulijaza upesi kwa maji mengi na chakula kidogo. Chakula kinachofaa ni kile kinachobaki juu ya kijiko kikiinamishwa kidogo. Mwanzoni kipondwe kwa uma mpaka kilainike, kisha kadiri wiki zinavyopita uache mabonge madogo yaongezeke, na kufikia miezi 8 hivi mtoto apewe pia vipande laini vya kushika mwenyewe. Sishauri kuitegemea mashine ya kusagia kwa muda mrefu, kwa sababu mtoto anayekula vilivyosagwa tu hadi baada ya miezi 10 mara nyingi husumbua anapoanza kupewa vyakula vya kutafuna.

Apewe nini, na asipewe nini

Madini ya chuma ndiyo ya kuyafikiria kwanza. Hupatikana kwa wingi katika nyama, samaki na maini, ingawa maini yatolewe kidogo na si kila siku kwa kuwa yamejaa vitamini A. Maharage na dengu nazo zina chuma, lakini mwili huifyonza vizuri zaidi zikiliwa pamoja na tunda au mboga yenye vitamini C, kama chungwa au nyanya. Chai, kwa upande wake, hupunguza ufyonzaji huo na haina kazi katika kikombe cha mtoto. Maji safi na salama kidogo wakati wa kula, kwa kikombe cha wazi, ndiyo kinywaji chake cha pekee pamoja na maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, na sharubati haina faida ambayo tunda lenyewe halina.

Chumvi na sukari zisiongezwe. Figo za mtoto bado ni changa, na ulimi wake hauoni upungufu wa kitu ambao haujakionja. Asali ni marufuku kabla ya kutimiza miezi 12, hata tone la kulambishwa, kwa kuwa inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu, na kuipika nyumbani hakuviui.

Kuhusu vyakula vinavyoweza kuleta mzio, kama mayai, karanga na samaki, ushauri wa zamani wa kuvichelewesha umebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika London kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio, ulionyesha kwamba walioanza kula karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache mno wakilinganishwa na walioepushwa nazo. Chakula cha aina hiyo kianzishwe kimoja kimoja, nyumbani, mchana, siku ambayo mtoto hana homa, na kwa kiasi kidogo sana: yai lililoiva kabisa, au karanga iliyosagwa laini na kuchanganywa ndani ya chakula kingine, kamwe si punje nzima. Vipele, uvimbe wa midomo au kutapika huonekana mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa 2. Akipumua kwa shida au akilegea, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au ambaye tayari ana mzio wa chakula kingine, aonwe na daktari kabla ya kuonja karanga.

Chakula kilichokataliwa leo kirudishwe siku nyingine bila shinikizo. Wapo watoto wanaohitaji kuonja mara 10 au zaidi kabla ya kukubali, na wazazi wengi hukata tamaa katika mara ya tatu au ya nne, kisha hutangaza kwamba mtoto hapendi mboga. Choo nacho kitabadilika rangi na harufu, na vipande vya karoti vitaonekana vilevile vilivyoingia. Hilo halihitaji dawa.

Kukabwa na chakula

Hapa ndipo hofu ya mzazi ina msingi, na elimu kidogo huipunguza. Mtoto anayejifunza vipande hukohoa, hutoa ulimi na kufanya kama anayetaka kutapika, mara nyingi kwa kelele na uso mwekundu. Hiyo ni kinga ya mwili inayofanya kazi, hivyo kaa karibu na umwache atoe mwenyewe. Aliyekabwa kweli hunyamaza, hushindwa kulia kwa kukosa hewa, na midomo yake huanza kubadilika rangi. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisha umgeuze chali na umbonyeze mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili, ukirudia kwa zamu huku mwenzako akiita msaada. Usiingize kidole kwa kubahatisha, maana utakisukuma chakula ndani zaidi. Ni vizuri kufanya mazoezi ya hatua hizi kwa mwanasesere, chini ya usimamizi wa mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza.

Vyakula hatari zaidi ni vile vya mviringo, vigumu au vinavyonata: zabibu nzima, karanga, bisi, peremende, karoti mbichi na soseji iliyokatwa miduara. Zabibu ikatwe vipande 4 kwa urefu, na karoti ichemshwe mpaka ibonyee kati ya vidole viwili.

Kula naye mkahawani

Mlo wa nje huharibika kabla hamjatoka nyumbani, yaani pale mnapochagua saa ya watu wazima na kutumaini kwamba mtoto ataivumilia. Chagua saa inayokaribiana na mlo wake na iliyo mbali na usingizi wake, na ikiwezekana mfike mapema kabla jiko halijalemewa. Ukiweza kupiga simu, uliza kama wana kiti cha mtoto chenye mkanda, na mkifika kikague mwenyewe: mkanda unafunga, miguu ya kiti haiyumbi, na meza yake imefutwa kwa kitambaa ulichokuja nacho. Omba meza ya ukutani, mbali na njia wanayopita wahudumu na sinia za vinywaji vya moto. Kisha pima umbali unaofikiwa na mkono wa mtoto, uondoe kila kilichomo ndani yake, yaani kisu, chombo cha pilipili na kikombe cha chai, na ukunje ukingo wa kitambaa cha meza, ambao akiuvuta huleta vyote kwa pamoja.

Menyu ya watoto mara nyingi ni vya kukaanga na vya sukari, na kwa maoni yangu haina haja ya kufunguliwa. Afadhali uagize chakula chako ukiwa umemfikiria mtoto, umwambie mhudumu kwa upole: "Samahani ndugu, naomba viazi vya mtoto vitolewe kabla ya kutiwa chumvi, na yai liive kabisa." Ukiomba mapema, wapishi wengi hukubali bila tatizo. Mchuzi uache, kwa sababu chumvi yake na ya vikolezo vya viwandani hutaweza kuitoa. Samaki mchambue mwenyewe kwa vidole, kwa kuwa vidole huhisi mwiba ambao jicho limeupita. Vyakula vilivyokaa muda mrefu kwenye meza ya kujipakulia, hasa wali na nyama, visimfikie mtoto. Chochote kinacholetwa moto kikorogwe na kuonjwa, kwani bakuli lililopashwa kwenye maikrowevu linaweza kuwa vuguvugu pembeni na la kuunguza katikati.

Ukibeba chakula cha nyumbani, kiwe ndani ya chupa ya kuhifadhia joto au ndani ya mfuko wenye barafu. Kilichokaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2 kitupwe, na vilevile masalio ya bakuli ambalo kijiko chenye mate kimeingia. Mkiwa wazazi wawili, mmoja ale kwanza huku mwingine akilisha, halafu mbadilishane. Mtoto mwenye umri huu hukaa vizuri mezani kwa nusu saa hivi, kwa hiyo omba bili mapema. Mama anayenyonyesha anyonyeshe palepale mezani akipenda. Huo nao ni mlo kama milo mingine.

Kero ndogo inayobaki ni ya shangazi au rafiki mwema anayenyoosha mkono na soda yake ili mtoto "aonje tu". Kumkatalia mkubwa mbele za watu ni kazi, na njia rahisi ni kumpa jukumu: "Shangazi, naomba umlishe wewe hili parachichi, ukimpa wewe atakula vizuri." Mara nyingi soda husahaulika.

Kumwachisha ziwa

Wakati wa kuacha kabisa ukifika, iwe ni mama au mtoto aliyeamua, ondoa mnyonyo mmoja baada ya mwingine, ukipisha siku kadhaa kati yake ili maziwa yapungue taratibu. Anza na ule wa mchana ambao mtoto anaujali kidogo, na ule wa kumlazia uwe wa mwisho. Mahali pa mnyonyo pasibaki patupu: mpe kikombe na kitafunwa, au mpe matembezi na kumbatio, kulingana na alichokuwa akikitafuta. Akiwa hajatimiza mwaka, mnyonyo unaoondolewa hujazwa na maziwa maalumu ya watoto. Wiki ambayo mtoto anaumwa, mnahama nyumba, au mama ndiyo kwanza anarudi kazini si wiki ya kuanzia. Titi likijaa na kuuma, kamua kidogo mpaka upate nafuu bila kulimaliza, maana kulimaliza huuambia mwili uendelee kutengeneza. Sehemu ya titi ikiwa nyekundu na ya moto, na homa ikapanda, nenda ukamwone daktari siku hiyohiyo.