Gari linagonga mbele: namna ya kupima boljointi na tairodi endi ukiwa nyumbani

Wakuu, salaam.

Toyota Carina yangu ilianza kugonga mbele kushoto kila nikiingia njia ya vumbi inayokwenda kwangu Goba. Fundi mmoja alikaa kiti cha abiria, akasikiliza, akasema shokapu zimekufa. Nikaenda Kariakoo, nikanunua mbili, zikafungwa, na mlio ukabaki palepale. Kumbe ilikuwa tairodi endi, kiungo cha mwisho wa fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu, kitu kidogo ambacho bei yake haifiki hata karibu na shokapu moja. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo sinunui spea ya mbele kabla sijausikia ulegevu wake kwa mkono wangu mwenyewe.

Boljointi, kiungo kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini (chuma kinacholishikilia gurudumu kwenye gari), na tairodi endi ni ndugu. Ndani kuna gololi iliyokaa kwenye kikombe chenye griisi, na nje kuna raba inayoifunika. Raba ikichanika, mchanga wetu na maji ya masika vinaingia, griisi inatoka, na gololi inaanza kula kikombe. Kwa hiyo chungulia raba kwanza. Iliyopasuka ibadilishe hata kama gari bado halijaanza kugonga.

Kipimo cha kwanza: gari likiwa chini

Watu wengi wanakimbilia jeki, lakini mimi naanza na hiki. Vuta handibreki, weka mawe nyuma ya tairi. Mtu akae kwenye usukani, injini imezimwa ila ufunguo umeulegeza usukani. Achezeshe kidogo kulia na kushoto, harakaharaka, bila kuzungusha tairi. Wewe pitisha mkono nyuma ya gurudumu, ushike tairodi endi kwa kiganja. Nzima inakwenda pamoja na fimbo yake. Iliyokufa utasikia kiganjani "tk, tk", fimbo inatangulia ndipo gurudumu lifuate. Pima na upande wa pili ili mkono ujue tofauti.

Kipimo cha pili: gurudumu likiwa juu

Nyua nyingi za Dar ni mchanga, na jeki huzama polepole bila wewe kuona. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki, na mwingine chini ya stendi (mguu wa chuma wa kubebea gari). Usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Hili silifanyii mzaha.

Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Hakikisha kwa kupenyeza mtaimbo mdogo kati ya mkono wa chini na chuma kinachobeba gurudumu, halafu ukandamize huku ukitazama boljointi: haitakiwi kupanda na kushuka. Sasa shika tairi kushoto na kulia. Mchezo unaotokea hapa tu ni wa tairodi endi, au wa raki endi, kiungo cha upande wa ndani wa fimbo hiyohiyo, kilichojificha ndani ya buti (raba ya mikunjo) la raki ya usukani.

Kubadilisha tairodi endi

Gari likiwa kwenye stendi na tairi limetolewa, legeza kwanza nati ya kufungia iliyo kwenye fimbo, robo mzunguko tu, kabla hujagusa kingine. Chomoa pini ya kupinda, kisha legeza nati ya shina (msumari wenye uzi unaotoka kwenye gololi) lakini iache ishikilie uzi wa mwisho. Usigonge uzi. Gonga kwa nyundo ubavu wa jicho la chuma ambamo shina limekaa, mapigo mawili matatu mazito, litaachia. Ifungue endi kwenye fimbo ukihesabu mizunguko, uandike. Mpya iingie kwa idadi ileile. Kaza nati ya shina, weka pini mpya, na tundu lisipokutana na mikato ya nati, kaza zaidi kidogo mpaka vikutane. Usirudishe nyuma.

Nati za tairi kwenye Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), gari likiwa limeshuka chini. Kisha nenda ukafanye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi kwa mashine. Hesabu ya mizunguko ni ya kukufikisha huko tu.

Kama unafunga bushi (raba za maungio) za mkono wa chini, bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekalia matairi. Ukizikaza gurudumu likining'inia, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nati ya tairodi inazunguka pamoja na shina lake. Nimekwama tangu asubuhi.*

Pole, mkuu. Shina limeachia kabla ya nati. Likandamize lirudi kukaa kwenye tundu lake: sukuma endi kwa jeki ndogo, au kwa mtaimbo kama nati iko chini, upande ulio kinyume na nati, taratibu, usije ukanyanyua gari. Likishabana, nati itafunguka.

*Kaka, mimi niko Tabata. Fundi anasema boljointi yangu anaweza kuichomelea kidogo ikaze, nisipoteze hela. Nikubali?*

Dada yangu, usikubali kabisa. Moto unaharibu kikombe na kuondoa ugumu wa chuma cha gololi. Boljointi ikichomoka ukiwa mwendoni, gurudumu linalala na gari halina usukani tena. Kama hela haijatosha, liache gari nyumbani wiki hii.

*Nimefunga mpya, sasa nikienda moja kwa moja usukani umekaa upande.*

Urefu wa endi mpya umetofautiana na wa zamani, au hesabu ilipotea. Ni kazi ya alaimenti. Waambie wanyooshe usukani kwanza ndipo wapange tairi.

*Nichukue mtumba au mpya?*

Mlango au taa nachukua mtumba, jointi sichukui. Na hata mpya, ijaribu palepale dukani: shika shina ulizungushe kwa vidole. Linatakiwa kuwa gumu, likae unapoliacha. Likianguka lenyewe, mrudishie muuzaji akupe nyingine.