Kukarabati darasa chakavu: anza na maji, rangi iwe ya mwisho

Darasa la kwanza nililokarabati lilipendeza kwa wiki tatu hivi. Fedha zilikuwa kidogo na hamu kubwa, basi tukanunua rangi, tukapaka, tukapiga picha. Mvua ya kwanza ikapenya kwenye matundu ya misumari na kuacha michirizi ya kahawia ukutani. Ya pili ikabandua rangi yenyewe. Tangu hapo, nikiitwa kwenye shule yenye mfuko mwembamba huanza na paa, na kopo la rangi hulifungua mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Kaa darasani kabla ya kushika nyundo

Nenda mara mbili, siku ya jua kali na siku ya mvua. Adhuhuri funga milango na madirisha, kisha tazama juu: kila nukta ya mwanga kwenye bati ni mahali panapovuja. Weka alama ya chaki sakafuni chini yake. Siku ya mvua simama nje uone maji ya paa yanaangukia wapi na yanaelekea wapi.

Halafu keti kwenye dawati la nyuma kabisa, pembeni, umwombe mwalimu aandike sentensi moja ubaoni. Ukishindwa kuisoma, umepata kazi ambayo kamati haikuiweka kwenye orodha yake. Waulize na wanafunzi. Wao ndio wanaojua dawati lipi huloa na ukikaa kona ipi ubao humeremeta usisomeke.

Hatua ya 2: Paa

Kwanza jua paa ni la nini. Kama ni vigae au mabati ya zamani ya asbesto, usiyatoboe, usiyakate wala usiyasugue. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zinazoingia mapafuni na zinazoweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Hiyo ni kazi ya watu waliofunzwa na wenye vifaa, na watoto wasiwepo karibu.

Paa la bati la chuma mara nyingi huvujia kwenye misumari. Bati hutanuka mchana na kunywea usiku, na msumari hulegea polepole. Ukiugongelea tena kwenye tundu lilelile, utalegea tena. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye washa ya mpira, na uipige juu ya mgongo wa bati. Bondeni ndiko maji yanakopita, lakini mafundi wengi hupiga huko kwa sababu ni rahisi kufikia.

Ukiwa juu, choma mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na bati jipya juu yake ni hasara tupu. Hakikisha pia kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa waya mnene au nondo, kwa sababu upepo mkali huinua paa kutokea chini.

Hatua ya 3: Maji ya chini

Ardhi ya nje iwe chini ya usawa wa sakafu kwa angalau sentimita 15. Katika shule za zamani mara nyingi haiko hivyo, maana udongo umejikusanya kidogo kidogo hadi ukafunika msingi. Uchimbue, ilaze ardhi iteremke kutoka kwenye jengo, kisha chimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Kazi hii ni ya majembe na haina gharama kubwa. Wazazi wakijitokeza huisha kwa siku moja.

Unga mweupe wa chumvi ukutani au lipu inayomomonyoka karibu na sakafu ni dalili kwamba unyevu unapanda. Kama ukuta ni wa udongo, usiufunike kwa lipu ya saruji, utaufungia unyevu ndani na lipu itang'oka kwa mabamba. Tumia udongo au chokaa.

Hatua ya 4: Nyufa

Wahenga walituharakisha kuziba ufa, mimi nakuomba usubiri kidogo. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Rudi baada ya wiki kadhaa. Kama haukusogea, uchimbue upate kingo imara, ulowanishe, uzibe. Kama umepita mstari, kama kidole kinaingia, au kama timazi, ule uzi wenye kitu kizito chini, inaonyesha ukuta umeinama, watoe watoto humo na umwite mhandisi.

Hatua ya 5: Sakafu

Usimwage saruji juu ya vumbi. Ondoa vyote vilivyolegea, kwaruza, fagia, lowanisha, paka uji wa saruji, kisha weka mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3 au 4, unene usipungue sentimita 4. Imwagilie maji kwa siku 7. Hapa ndipo nimegombana na walimu wengi, kwa kuwa sakafu ya siku ya pili inaonekana ngumu na vipindi vinasubiri. Fanya kazi hii wakati wa likizo.

Hatua ya 6: Mwanga, hewa na mlango

Madirisha yawe pande mbili ili hewa ipite. Panga madawati mwanga mwingi utoke kushoto kwa wanafunzi, maana wengi huandika kwa mkono wa kulia na kivuli cha mkono hakitaangukia daftari. Mlango ufunguke kwa nje. Kizingiti chenye kimo cha sentimita 10 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 120 ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa kwa taabu.

Hatua ya 7: Ubao na rangi

Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo ikwangue ikiwa imelowa, usiipige msasa mkavu. Nunua mpya iliyoandikwa kwamba haina risasi. Dari na sehemu ya juu ya ukuta ziwe nyeupe ili zirudishe mwanga. Chini, hadi kama mita 1.2, weka rangi ya mafuta inayooshika.

Ubao upake rangi isiyong'aa mikono miwili au mitatu, uache ukauke kabisa. Kabla ya herufi yoyote, laza chaki ubavu, sugua ubao mzima, ufute. Ukiruka hatua hii, maandishi ya kwanza yataacha kivuli kisichofutika.

Skrubu na washa zilizobaki zikae kwenye kopo ofisini. Juu ya kopo la rangi andika namba ya rangi yenyewe, kwani baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka ile ilikuwa bluu gani.