Namna ya kusoma mgogoro wa mpaka usio na vita: mto San Juan

Anayetaka kueleza ugomvi wa Nikaragua na Kosta Rika huwa anaanza na Oktoba 2010, askari wa Nikaragua walipoingia kwenye ardhioevu ya kilomita 3 za mraba karibu na mdomo wa mto San Juan. Akianzia hapo, atapotea. Rudi nyuma miaka 152.

Chukua karatasi, panga hati kwa tarehe, na mbele ya kila moja andika swali ililojibu:

15 Aprili 1858, Mkataba wa Cañas-Jerez: mpaka unapita wapi?
22 Machi 1888, uamuzi wa Rais Cleveland wa Marekani: je, mkataba ni halali? (Ndiyo.)
30 Septemba 1897, uamuzi wa kwanza wa mhandisi Alexander: mstari unaanzia wapi pwani?
13 Julai 2009, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki: nani apite mtoni, na kwa masharti gani?
16 Desemba 2015, hukumu nyingine ya Mahakama hiyo: ile ardhioevu ni ya nani?
2 Februari 2018, hukumu mbili: fidia ni kiasi gani, na mpaka wa baharini uko wapi?

Sasa chora. Kosa la kwanza la wengi ni kupitisha mstari katikati ya maji. Mkataba wa 1858 hausemi hivyo. Mpaka unafuata ukingo wa kulia, ukiwa umeelekea baharini, kuanzia Punta de Castilla, ncha ya ardhi mdomoni mwa mto, hadi maili 3 za Kiingereza chini ya ngome ya Castillo Viejo. Maji yote ya sehemu hiyo ni ya Nikaragua. Kosta Rika ina haki ya kusafiri humo kwa biashara, na hukumu ya 2009 ilisema biashara ni pamoja na kubeba abiria na watalii.

Kisha weka kidole mdomoni mwa mto, maana kiini cha ugomvi kiko hapo. Alexander alipofika, bahari ilikuwa imekwisha kula ncha ya ardhi iliyotajwa mkatabani. Akaagiza mstari uanzie kwenye ardhi ngumu kando ya wangwa wa Harbor Head, uzunguke maji, mpaka ukutane na mto kwa "mkondo wa kwanza". Maneno hayo ndiyo yaliyozaa kesi. Nikaragua ilidai kwamba mfereji iliousafisha mwaka 2010 ndio mkondo huo wa kwanza. Kosta Rika ikasema mfereji huo ni mpya, umechimbwa kwa mikono ya watu.

Utaamuaje? Pima ushahidi jinsi Mahakama ilivyoupima. Tazama miti kwanza: ndani ya mfereji ilikatwa miti mikubwa ya umri mrefu, na miti ya namna hiyo haioti mahali ambapo maji yamekuwa yakipita miaka yote. Halafu angalia tarehe za viapo. Viapo vya maofisa wa Nikaragua viliandikwa baada ya kesi kufunguliwa, kwa hiyo havikupewa uzito mkubwa. Ramani za kipimo kidogo ziache mwisho. Mstari wake wenyewe unaweza kumeza eneo lote linalogombaniwa. Ile ya Google, ambayo Edén Pastora, msimamizi wa Nikaragua wa kazi ya kusafisha mto, aliitaja kujitetea, ilikuwa imekosea hadi kilomita 2.7.

Tenganisha mambo. Ardhi Kosta Rika ilishinda, lakini katika hukumu ileile ya 2015 ilipatikana na kosa: ilijenga barabara kando ya mto, Ruta 1856, bila tathmini ya athari kwa mazingira. Ukiacha hilo, umeandika upande mmoja. Majina nayo yachunge. Ukisimulia kabla ya hukumu, sema "eneo linalogombaniwa", kwa sababu "Isla Portillos" ni jina la Kosta Rika na "Harbor Head" la Nikaragua.

Neno "vita" usilitumie hapa. Kosta Rika haina jeshi tangu 1948. Ilituma polisi, kisha mawakili. Honduras na Nikaragua zilirushiana risasi kweli huko Mocorón mwaka 1957, na faili la mpaka wao linasomeka kwa njia hiihii: uamuzi wa Mfalme Alfonso XIII wa 1906, Nikaragua kuukataa 1912, Mahakama kuuthibitisha 18 Novemba 1960.

Mwisho, fungua hesabu ya fidia. Jumla ambayo Nikaragua iliamriwa kulipa ni dola 378,890.59, na ukiitaja peke yake msomaji atadhani yote ni bei ya msitu. Kosta Rika ilidai zaidi ya dola milioni 2.8 kwa mazingira. Kwa mazingira yaliyopotea ikapewa 120,000, na kwa kuyarudishia hali yake 2,708.39. Dola 236,032.16 ni gharama zake, zikiwemo ndege za ukaguzi, picha za setilaiti na ukuta wa kuziba mfereji. Riba ni 20,150.04.