Tope la majitaka shambani: lipime kabla hujalimwaga

Kila ikifika Septemba, watu wakianza kuhangaikia mbolea ya kupandia, wakulima wa Iringa na Mbeya huniuliza kuhusu tope kavu la mabwawa ya majitaka. Ni mbolea kweli, naitrojeni na fosforasi zimo. Lakini jua na muda huua vijidudu tu. Risasi na kadimi, metali zenye sumu, hubaki palepale.

Hatua ya 1: Uliza lilikotoka. La vyoo vya nyumbani si sawa na la mtaro unaopokea maji ya gereji au kiwanda cha ngozi. Ukiambiwa "limechanganyika", lihesabu ni la gereji.

Hatua ya 2: Lilaze. Hapa wengi hukosea, wanafuata muda wa Dar. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unasema penye nyuzi 2 hadi 20, kinyesi kikae miezi 18 hadi 24. Penye joto zaidi ya hapo, mwaka na ushee. Kwa baridi yetu ya Juni, shika ule muda mrefu. Mayai ya minyoo ni sugu. Mimi hutazama rundo baada ya mvua: miche ya nyanya ikichipua, najua halijawahi kupata moto. Mbegu hizo zimepita tumboni mwa watu na bado zi hai.

Hatua ya 3: Chukua sampuli. Chota sehemu 10 za rundo, juu hadi chini, changanya, toa kilo moja upeleke maabara. Ndoo iwe ya plastiki! Mara ya kwanza nilitumia ya bati, majibu yakaja na zinki ya kutisha. Kumbe ni ya ndoo. Nikalipa tena. Omba wapime kadimi, risasi, shaba na zinki. Kwa kulinganisha, kanuni za Marekani za 1993 zinataka tope safi lisizidi miligramu 39 za kadimi na 300 za risasi kwa kilo, likiwa kavu.

Hatua ya 4: Pima pH ya shamba, yaani kiwango cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi. Udongo wetu mwingi una tindikali, na humo kadimi hupanda kwenye mmea kirahisi. Ikiwa chini ya 6, tangulia na chokaa.

Hatua ya 5: Mwaga, fukia siku hiyohiyo, mbali na kijito, ukiwa na gambuti na glavu. Panda mahindi. Mchicha, saladi, karoti na viazi, hapana.

Kuna PFAS pia, kemikali za povu la kuzimia moto na vikaango visivyogandisha. Hizo kulaza hakuziondoi. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku tope mashambani mwaka 2022 kwa ajili yake. Ndiyo maana tope linalopokea maji ya uwanja wa ndege, ambako povu hilo hutumika, silichukui hata la bure.